Usajili wa besiboli sio kama wa Simba na Yanga: uongo tunaoambiana kila World Series ikiisha

World Series, yaani fainali ya besiboli ya Marekani, ikishaisha tu, mpaka kambi za mazoezi za Arizona na Florida zifunguliwe katikati ya Februari, hamna mechi hata moja ila ndo kipindi watu wanabishana kuliko msimu wenyewe. Na sisi tuliokulia kwenye soka tunabisha kwa akili ya soka, dirisha la usajili, ada ya uhamisho, mkopo, mchezaji kagoma, halafu tunashangaa mbona hesabu hazikubali. Tunaangalia jina na ile namba kubwa ya kwenye kichwa cha habari, wakati mabosi wa timu wanaangalia miaka, nani anammiliki mchezaji mpaka lini, na wale jamaa wa 27 mpaka 40 kwenye orodha ambao hakuna anayewajua.

"Yankees wamemnunua fulani." Hapana, timu za MLB, yaani ligi kuu ya besiboli, haziuziani mastaa kwa ada kama kule Ulaya. Ni tredi, mtu kwa mtu, au mtu mmoja kwa makinda wanne, wakati mwingine na hela kidogo ya kusaidia mshahara, na mkataba wake unahama naye kama ulivyo. Mchezaji hana haja ya kuulizwa, anapigiwa simu anaambiwa kesho uko San Diego. Wanaoweza kukataa ni wenye kipengele cha kuzuia tredi, au waliocheza ligi kuu miaka 10 huku 5 ya mwisho wako timu hiyohiyo. Giancarlo Stanton alitumia kipengele chake Desemba 2017, Giants walikubaliana na Marlins akakataa, Cardinals wakakubaliana akakataa, mwisho akaenda Yankees alikotaka mwenyewe. Kitu kinachofanana na ada yetu ni mchezaji anayetoka ligi kama ya Japani kabla hajawa huru, mrushaji Yoshinobu Yamamoto alisaini Dodgers miaka 12 kwa dola milioni 325 na juu yake timu yake ya Japani, Orix Buffaloes, ikalipwa kama milioni 50. Basi.

Sasa tuje kwa Shohei Ohtani, staa wa Dodgers, maana hapa ndo watu wanachanganyikiwa kabisa. Eti anakunja dola milioni 70 kila mwaka. Mkataba wa Desemba 2023 ni kweli ni wa milioni 700 kwa miaka 10, ila milioni 680 kati ya hizo zimesogezwa mbele. Kwa hiyo kuanzia 2024 mpaka 2033 Dodgers wanampa milioni 2 kwa mwaka, ndio mbili, halafu kuanzia 2034 mpaka 2043 ndo anaanza kupokea milioni 68 kila mwaka, bila riba. Na kwa sababu hela ya kesho ina thamani ndogo kuliko ya leo, kwenye hesabu za kodi ya anasa, ile ya timu zinazozidisha mishahara, ligi inamhesabia kama milioni 46 kwa mwaka. Hapo mtu anaruka "huo si wizi!" Sio wizi, mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji hauweki kikomo cha hela ya kusogezwa, na klabu inatakiwa itenge pesa ya kulipia hilo deni, haiachwi tu kwamba tutaonana 2034. Mimi binafsi sipendi zikizidi, ila kutopenda ni jambo moja na sheria ni jingine. Na sio Dodgers walioanza, Mets walikuwa wanadaiwa na mchezaji wao Bobby Bonilla milioni 5.9 mwaka 2000, wakakubaliana wamlipe baadaye kwa riba ya asilimia 8, ndo maana kila Julai mosi anaingiziwa karibu milioni 1.2, kuanzia 2011 mpaka 2035. Mtu kastaafu zamani.

Halafu kuna wale wa "akiboronga watamvunjia mkataba". Huko NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ndo wanafanya hivo sana. Besiboli mkataba wa ligi kuu ni dhamana, ukimwacha unamlipa, akiumia unamlipa. Anthony Rendon alisaini Angels miaka 7 kwa milioni 245 Desemba 2019 na hajawahi kufikisha mechi 60 kwenye msimu wowote akiwa nao, wakati msimu mzima una mechi 162. Ndo maana ukisikia timu inabishania mwaka wa saba wa mkataba usidhani ni ubahili, wanamuwaza Rendon.

Kikomo cha mishahara? Hakipo. Kipo kiwango, 2025 kilikuwa milioni 241, ukikizidi unalipa kodi kwenye ile ziada, asilimia 20 mara ya kwanza, 30 ukirudia, 50 mwaka wa tatu mfululizo, na ukizidi sana wanaongeza. Tajiri anaweza kuamua kulipa na maisha yakaendelea.

Ile ya "toa makinda wote, makinda ni kamari" ina ukweli nusu. Red Sox walimtoa Yoán Moncada, Michael Kopech na wengine wawili kumchukua mrushaji Chris Sale Desemba 2016, 2018 wakabeba World Series na Sale ndo alirusha mpira wa mwisho, hakuna shabiki wa Boston anayelia. Ila Desemba 2015 Diamondbacks walimchukua mrushaji Shelby Miller kutoka Braves wakatoa Ender Inciarte, Aaron Blair na Dansby Swanson, aliyekuwa ndo kwanza kachaguliwa namba moja kwenye drafti (timu zinapogawana makinda wapya) ya mwaka huohuo. Miller 2016 alishinda mechi 3 akapoteza 12, Swanson akaja kubeba ubingwa na Braves 2021. Na hapa usisahau hela, kinda anakaa chini ya timu miaka 6 ya ligi kuu kabla hajawa huru, ile mitatu ya mwanzo analipwa karibu na kima cha chini ambacho 2025 kilikuwa dola 760,000, baada ya hapo ndo anaanza usuluhishi wa mshahara. Kwa hiyo unapomtoa unatoa kipaji pamoja na miaka ya bei chee. Timu zinaibania hii miaka balaa, Cubs 2015 walimchelewesha Kris Bryant akamaliza na siku 171 za ligi kuu wakati mwaka unahesabiwa kwa siku 172, hivyo ule mwaka haukuhesabika. Alilalamika rasmi, akashindwa.

Lakini linaloniudhi zaidi ni hili la kikosi. Mtu anaandika wapigaji tisa na warushaji watano anasema timu imekamilika. Ligi kuu ina wachezaji 26 wa kila siku, nyuma yao kuna orodha ya 40, na hao waliobaki wanapanda na kushuka ligi ndogo msimu mzima. Mchezaji mwenye opsheni, yaani ruhusa ya kushushwa ligi ndogo, unaweza kumshusha na kumpandisha, tena siku hizi mwisho mara 5 kwa msimu, asiye nazo ukitaka kumshusha lazima umpitishe kwanza kwa timu zingine na yeyote anaweza kumdaka. Ndo maana utaona Januari timu inamchukua mrushaji usiyemjua watu wanacheka, kumbe wamefuata opsheni zake.

Mfano mzuri ni mrushaji Will Klein. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa wa Royals, Athletics, Mariners, kisha Juni 2025 Dodgers wakampata kwa tredi ambayo nadhani hata mashabiki wao wengi hawakuisoma. Raundi za mwanzo za mtoano hakuwemo. Wakamweka kwenye World Series, mechi ya tatu dhidi ya Blue Jays ikaenda inningi (awamu) 18 badala ya 9 za kawaida, warushaji wakaisha wote mpaka Yamamoto, aliyekuwa amerusha mechi nzima siku mbili nyuma, akaanza kupasha. Klein akasimama pale inningi 4 bila kuruhusu pointi, mipira 72, hajawahi kurusha mingi hivo ligi kuu, mpaka Freddie Freeman akamaliza kwa hoam rani (pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja) 6-5. Na mechi ya saba aliyesawazisha inningi ya 9 ni Miguel Rojas wa Dodgers, mzee aliyekuwa na miaka 36 akipiga wa mwisho kwenye oda ya wapigaji, sio mastaa wenzake Ohtani wala Betts.

Ndo maana ile tuzo hewa ya "bingwa wa usajili" huwa siipi uzito. Desemba 2024 ilichukuliwa na Mets, Juan Soto miaka 15 kwa milioni 765 bila hata senti ya kusogezwa. Na Soto mwenyewe hakuharibu, alipiga hoam rani 43. Timu ikaishiwa warushaji wa kuaminika, ikamaliza 83-79 sawasawa na Reds, Reds wakapita kwa sababu walikuwa mbele kwenye mechi zao wenyewe kwa wenyewe, Mets wakaangalia mtoano kwenye tivii.