Mstari wa mwisho wa kadi: chanjo ya surua ya miezi 18

Mama mmoja alifika kliniki ya mama na mtoto akiwa na kichanga cha wiki sita mgongoni, na kaka yake wa miaka miwili na nusu ameshikilia gauni. Kadi zote mbili alizitunza vizuri, ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipomaliza ya mdogo nikaomba na ya mkubwa. Akanipa huku akisema, "Huyu alishamaliza, nesi. Alimaliza miezi tisa."

Kadi ilijaa tarehe tangu siku aliyozaliwa. Mstari wa miezi 18, wa dozi ya pili ya chanjo ya surua, ndio uliokuwa mtupu.

Kauli hiyo naisikia karibu kila siku ya kliniki, na wanaoisema si akina mama wazembe. Hawa ni wale waliohudhuria wiki ya 6, ya 10 na ya 14 bila kukosa, wakapata pentavalenti (sindano moja ya kukinga magonjwa matano), chanjo ya nimonia, matone ya polio na ya kuhara. Baada ya miezi tisa mtoto anatambaa, anakula, mama amerudi shambani au sokoni, na safari ya kliniki inaonekana ni ya kupima uzito tu. Hapo ndipo tunapowapoteza.

Chanjo ya surua, ambayo hukinga pia rubella, ugonjwa mwingine wa virusi wenye vipele, hatuwezi kuitoa mtoto anapozaliwa. Mtoto huzaliwa na kinga aliyoichukua kwa mama yake, na kinga hiyo huizuia chanjo kufanya kazi. Hupungua polepole, kwa kila mtoto kwa kasi yake. Ndiyo maana tunangoja miezi tisa, na hata wakati huo mwili wa mtoto mwingine bado hauipokei chanjo sawasawa.

Chukulia watoto 100 wa mtaa mmoja, wote wamechomwa wakiwa na miezi tisa. Takribani 85 watapata kinga. Wale 15 waliobaki wana kadi nzuri, wana tarehe, mama zao wana amani, lakini surua ikiingia mtaani itawakuta. Kwa macho hatuwezi kuwatambua. Dozi ya miezi 18 inawafikia hao, na mtoto aliyepata zote mbili analindwa kwa karibu asilimia 97. Tanzania inaitoa tangu mwaka 2014, bure, kwenye vituo vya serikali.

Pengo la watoto 15 ni kubwa kwa sababu surua haina mfano kwa kuambukiza. Mgonjwa mmoja kwenye jamii isiyo na kinga anaweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18, na virusi hubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Ili surua isienee, watoto 95 katika kila 100 wanatakiwa wawe wamepata dozi zote mbili.

Vipele si tatizo. Kinachoua ni nimonia, kuhara na uvimbe wa ubongo vinavyofuata. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A anaweza kupofuka. Surua hufuta pia sehemu ya kinga aliyokwisha kuijenga dhidi ya magonjwa mengine, kwa hiyo aliyepona anaweza kuugua mara kwa mara kwa miezi mingi. Nimewabeba watoto wa namna hiyo. Sitamani mzazi yeyote ayaone.

Nalisema na letu sisi watoa huduma. Kichupa kimoja cha chanjo hii mara nyingi hutosha watoto 10, na kikishachanganywa kinatakiwa kitumike ndani ya saa 6, kinachobaki kimwagwe. Kwa kuogopa kumwaga, wapo wanaomwambia mama arudi siku watoto wakiwa wengi. Amelipa nauli, ameacha biashara. Wengi hawarudi tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kichupa kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja. Ukiambiwa urudi, una haki ya kuuliza kwa nini.

Mafua au kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Mlete, sisi tutampima. Baada ya sindano, ambayo huchomwa mkono wa kushoto, anaweza kupata homa au vipele vichache kati ya siku ya 5 na ya 12. Mnyonyeshe, mpe maji, mpunguzie nguo. Homa ikizidi siku mbili, au akipata degedege, mrudishe kituoni.

Ukichelewa, dozi za nyuma hazirudiwi. Tunaendelea pale ulipoishia. Kadi ikipotea, njoo hivyohivyo, tutatafuta kwenye rejista.

Yule kaka mtu alichomwa asubuhi ileile. Alilia hadi mlangoni, kisha akaomba kuishika kadi yake mwenyewe.