Kutoroka uangalizi wa parole: maana yake na jinsi sheria ya Marekani inavyolishughulikia

Parole ni kuachiwa kutoka gerezani kabla kifungo hakijaisha, kwa masharti, chini ya afisa anayemfuatilia aliyeachiwa. Mtu analala kwake na kwenda kazini, lakini kisheria bado anatumikia kifungo chake, na kila siku anayotimiza masharti inahesabiwa. Ukishika hilo, utaelewa kwa nini kutoroka huchukuliwa kwa uzito hata pale ambapo aliyetoroka hakumdhuru mtu.

Tanzania nayo ina utaratibu huu, chini ya Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994. Hapa tunaeleza Marekani, ambako Waswahili wengi wanaishi na ambako kila jimbo lina sheria yake. Serikali kuu ya huko ilifuta parole kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1, 1987, ikaweka mahali pake uangalizi unaoanza baada ya kifungo, lakini majimbo mengi bado yanaitumia. Wala isichanganywe na parole ya uhamiaji, ambayo ni ruhusa ya mgeni kuingia nchini kwa muda na haihusiani kabisa na gereza.

Si kila anayekosa siku ya kuripoti ametoroka. Sheria ya New York inaeleza jambo hili vizuri kuliko nyingi. Ili mtu ahesabiwe ametoroka, lazima awe anakwepa uangalizi kwa makusudi, awe amekata mawasiliano na afisa au ofisi yake na hakutoa taarifa ya kuhama makazi, na juhudi za kutosha za afisa kumrudisha ziwe zimeshindikana. Vipengele hivyo ndivyo wakili huvichunguza kwanza. Aliyelazwa hospitali, aliyefukuzwa na mwenye nyumba, au aliyekamatwa wilaya nyingine na kuwekwa mahabusu hakuripoti, ni kweli, lakini nia ya kukwepa iko wapi? Na afisa aliyegonga mlango mara moja akaondoka, au aliyetuma barua kwenye anwani aliyokwisha kuambiwa kuwa imebadilika, hajafanya juhudi za kutosha.

Kiwango cha juhudi hizo kimeandikwa wazi zaidi kwa watu wanaosimamiwa nje ya jimbo lililowahukumu. Majimbo yote 50 yamo katika mkataba mmoja wa kusimamiana wahukumiwa, na kanuni zake zinamtaka afisa afike kwenye makazi ya mwisho yanayojulikana, awasiliane na mwajiri wa mwisho, na aulize ndugu na watu wengine wa karibu wanaojulikana. Asipompata ndipo anaandika ripoti. Jimbo lililomhukumu mtu huyo likishapokea ripoti, lina siku 15 za kazi kutoa hati ya kumkamata inayotambulika nchi nzima.

Mamlaka ya kutoa hati hutofautiana. California, tangu Julai 1, 2013, kesi nyingi za kufuta parole husikilizwa na mahakama, na jaji ndiye anayetoa hati. Kwingineko bodi ya parole au idara ya magereza inaweza kuitoa yenyewe. Vyovyote vile, hati ikiingizwa katika hifadhidata ya taifa inayoendeshwa na FBI, polisi wa barabarani aliyesimamisha gari kwa taa mbovu maelfu ya kilomita mbali ataiona. Hapa wengi hujidanganya. Wanadhani wakijificha hadi tarehe ya mwisho ya parole ipite, mambo yamekwisha. Kwa kawaida, hati iliyotolewa kabla ya tarehe hiyo inaendelea kuwa hai baada yake.

Sababu ni kwamba saa ya kifungo husimama. Kifungu cha 3064 cha Sheria ya Adhabu ya California kinasema kuwa tangu parole iliposimamishwa au kufutwa hadi mtu arudi mikononi mwa serikali, yeye ni mtoro, na hakuna sehemu ya muda huo itakayohesabiwa katika kifungo chake. Chukua mfano wa mtu aliyebakiwa na miezi 18, parole yake ikasimamishwa, akakaa mafichoni miezi 10. Siku anapokamatwa habakiwi na miezi 8. Bado ana 18 ileile, na adhabu ya kukiuka masharti inamngoja.

Kwa hiyo tarehe ya kusimama kwa saa ni jambo la kugombewa. Kwa maneno ya kifungu hicho, saa husimama siku parole iliposimamishwa au kufutwa, si siku mtu alipoonekana mara ya mwisho ofisini. Wiki zilizopita kati ya siku hizo mbili ni zake, na akikaa kimya zinaweza kumpotea kwenye mahesabu. Vilevile California humrudishia muda wake mtu ambaye imeamuliwa kuwa hakukiuka masharti.

Katika majimbo mengi kutoroka uangalizi si kosa jipya la jinai, bali ni ukiukaji wa masharti. Uingereza imekwenda njia nyingine: tangu mwaka 2015, aliyeitwa arudi gerezani akabaki nje bila sababu ya msingi anaweza kushtakiwa kwa hilo peke yake, na kifungo chake hufika miaka 2. Kwa kuwa kufutiwa parole Marekani si kushtakiwa upya, hakuna baraza la wazee wa mahakama, na serikali haihitaji kuthibitisha pasipo shaka yoyote. Mara nyingi inatosha kuonyesha kwamba ukiukaji una uwezekano mkubwa kuliko kutokuwapo, ingawa New York sasa inataka ushahidi ulio wazi na wa kushawishi katika kikao cha mwisho. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Marekani iliongeza kuwa katiba ya nchi hiyo hailazimishi majimbo kuutupa ushahidi uliopatikana kwa upekuzi usio halali katika vikao vya kufuta parole. Mlango wa serikali ni mpana.

Haukuachwa wazi kabisa, hata hivyo. Katika kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer ya mwaka 1972, iliyotoka Iowa, Mahakama Kuu iliamua kuwa mtu hawezi kurudishwa gerezani kwa neno la afisa peke yake. Kwanza kuna kikao cha awali, mapema na karibu na mahali ukiukaji ulipotokea, mbele ya mtu asiyehusika moja kwa moja na shauri. Kisha kikao kamili ndani ya muda unaofaa. Mahakama ilisema miezi miwili haionekani kuwa mingi mno. Mtuhumiwa apewe tuhuma kwa maandishi, aonyeshwe ushahidi, asikilizwe, alete mashahidi wake, awahoji wa upande wa pili isipokuwa pawe na sababu nzuri ya kuzuia, na apewe uamuzi wa maandishi wenye sababu. Mwaka uliofuata mahakama hiyohiyo iliamua kuwa wakili wa kulipiwa na serikali hutolewa kwa kuangalia kila kesi. Baadhi ya majimbo, New York ikiwamo, yanatoa zaidi ya hapo.

Adhabu zinapishana mno. New York, tangu Machi 1, 2022, kutoroka mara ya kwanza ni hadi siku 7 za kufungwa, mara ya pili hadi 15, na kuanzia mara ya tatu hadi 30. California ukomo wa kawaida ni siku 180 katika jela ya kaunti, na mhalifu wa makosa ya ngono anayevua au kuharibu kifaa cha GPS anakabiliwa na siku 180 za lazima. Wenye vifungo vya maisha wako katika kundi jingine na wanaweza kurudishwa gereza la jimbo. Yapo majimbo ambako bodi inaweza kumrudisha mtu akamalizie kifungo chote kilichobaki.

Anayetaka kujisalimisha afanye hivyo kupitia wakili, na abebe karatasi: cheti cha kuruhusiwa hospitali, mkataba wa nyumba, kumbukumbu za simu alizompigia afisa. Kujitokeza mwenyewe kunapunguza nguvu ya hoja ya kwamba alikusudia kukwepa, na saa huanza kuhesabu tena mapema.

Akikamatwa kwa kosa jipya, mambo huwa magumu zaidi. Mwaka 1976, katika Moody dhidi ya Daggett, Mahakama Kuu iliamua kuwa hati ya parole iliyowekwa gerezani kama zuio tu, yaani ya kumngoja mfungwa, bila kutekelezwa, haimpi mfungwa haki ya kusikilizwa papo hapo. Anaweza kumaliza kifungo kipya ndipo hati itekelezwe na kikao cha parole kifuate. Kwa hiyo karatasi zake na majina ya mashahidi vikusanywe mwanzoni kabisa mwa kifungo hicho kipya, hata kama kikao chenyewe kiko miaka mbele.