Maendeleo ya rasilimali watu na usimamizi wa timu: maana yake, na yanavyogusa utendaji kazi

Mtu anarudi kutoka kwenye mafunzo ya siku tano. Amejifunza kweli, hakwenda kusinzia. Jumatatu asubuhi anaanza kuzipanga kazi zake kwa utaratibu mpya aliofundishwa. Msimamizi anapita, anatazama kidogo, anasema: "Hayo ni ya huko. Hapa sisi tunafanya hivi." Hasemi kwa ubaya, ana kazi nyingi na hana muda wa kujaribu mambo mapya. Kufika Ijumaa utaratibu ule umeshaachwa, na daftari la mafunzo liko chini ya mafaili.

Ukiuliza nani kakosea hapo, utapata taabu kumnyooshea mtu kidole. Mkufunzi kafundisha, mwanafunzi kaelewa, mwajiri katoa fedha. Kilichokosekana ni kiungo kati ya dhana mbili ambazo mara nyingi huelezwa kila moja kivyake: maendeleo ya rasilimali watu, na usimamizi wa timu. Ya kwanza humpa mtu uwezo. Ya pili ndiyo huamua kama uwezo huo utaonekana kazini au utabaki kichwani mwake.

Maendeleo ya rasilimali watu ni nini?

Rasilimali watu ni wafanyakazi wa taasisi, wakihesabiwa pamoja na ujuzi, uzoefu na ari waliyonayo. Kuwaendeleza ni kuwapa, kwa mpango, nafasi ya kujifunza ili wafanye kazi vizuri zaidi na wao wenyewe wakue. Dhana hii ilianza kuenea kwa jina hili mwaka 1969 kupitia Leonard Nadler, mwanazuoni wa Marekani. Katika maelezo yake kuna neno ambalo wengi hulipita haraka: alisema mafunzo anayotoa mwajiri huleta uwezekano wa utendaji kuwa bora. Uwezekano, hakusema uhakika. Kwangu mimi hilo ndilo neno zito kuliko yote katika maelezo yale, kwa sababu linatulazimisha kuuliza: kitu gani kingine kinahitajika ili uwezekano huo uwe kweli?

Dhana hii isichanganywe na usimamizi wa rasilimali watu, ambao ni uwanja mpana zaidi: ajira, mishahara, likizo, nidhamu, hadi kustaafu. Maendeleo ni sehemu moja ndani yake. Wala isidhaniwe kuwa ni semina tu. Mafunzo elekezi kwa mwajiriwa mpya yamo. Kukaa karibu na mzoefu na kumtazama anavyofanya kumo. Kuhamishwa kitengo ili ujue kazi ya upande wa pili, kupewa mrejesho, kwenda masomoni, vyote vimo. Kukaimu nafasi ya mkubwa wako akiwa likizo nako ni mafunzo, tena pengine ni miongoni mwa yale yanayofundisha sana kwa gharama ndogo sana, ila mara nyingi hufanywa bila maelekezo yoyote. Anayekaimu huachiwa mhuri na funguo, basi.

Mwajiri huwa na hofu moja: nikimsomesha ataondoka. Mchumi Gary Becker, katika kazi yake ya mwaka 1964 kuhusu mtaji wa watu, yaani elimu na ujuzi walionao, alitenganisha ujuzi wa jumla, ambao mtu anaweza kuuhamishia popote, na ujuzi mahususi, ambao thamani yake iko pale pale alipoupata. Hofu ya mwajiri ina msingi kwenye ule wa jumla. Lakini asiyesomeshwa akabaki naye ana gharama yake, na gharama hiyo haiandikwi kwenye hesabu yoyote.

Timu, na maana ya kuisimamia

Watu kumi wanaokaa chumba kimoja chini ya bosi mmoja si lazima wawe timu. Kipimo ninachokitumia ni hiki: mmoja asipokuja leo, kazi ya mwingine inakwama? Kama haikwami, hilo ni kundi la watu wenye bosi mmoja, na si kosa kuwa hivyo. Timu ina lengo moja, kazi za wanachama wake zinategemeana, na matokeo wanayajibia kwa pamoja. Kuisimamia ni kuchagua watu na idadi yao, kugawa majukumu, kuweka taratibu za kuzungumza na kupashana habari, kusuluhisha, na kutoa mrejesho. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Sehemu kubwa ya ugomvi wa kazini huanzia hapo: haijulikani kauli ya mwisho ni ya nani.

Kuna jaribio la zamani linaloeleza vizuri kwa nini timu haijisimamii yenyewe. Max Ringelmann, mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, katika miaka ya 1880 aliwapa watu kamba waivute, akapima nguvu zao. Matokeo aliyachapisha mwaka 1913. Ukichukua nguvu ya mtu anayevuta peke yake kuwa asilimia 100, walipovuta wawili kila mmoja alitoa kama asilimia 93, watatu 85, na walipofika wanane kila mmoja alitoa karibu asilimia 49. Watu wanane walivuta kama wanne.

Sehemu ya upungufu huo ni kukosa mpangilio, maana si rahisi wanane kuvuta kwa pigo moja. Lakini mwaka 1974 Alan Ingham na wenzake waliwafunga watu vitambaa machoni wakawaaminisha kuwa nyuma yao kuna wengine wanavuta, kumbe walikuwa peke yao. Hata hivyo walilegeza. Hapo suala la mpangilio halikuwapo tena. Kiswahili kina neno lake: kutegea. Mtu anategea kwa sababu wapo wengine, na kwa sababu nguvu yake haionekani ikichanganyika na ya wenzake.

Tumezoea kumuona mtegeaji kuwa mvivu kwa tabia. Nadhani tunawaonea wengi. Mtu yule yule aliyelegeza kamba alipoamini wako wengi, alivuta kwa nguvu zote alipojua yuko peke yake. Kwa hiyo msimamizi mwenye watu wanaotegea aanze kwa kuangalia alivyoipanga kazi. Je, mchango wa kila mmoja unaonekana? Timu si kubwa kupita kiasi? Kila mtu anajua kipande chake ni kipi na kinaishia wapi? Hayo hayahitaji semina, yanahitaji msimamizi akae chini na kalamu.

Zinapokutana

Utendaji kazi ni kile mtu anachokitoa kweli: wingi wake, ubora wake, na kama kimetoka kwa wakati. Mwaka 1982 Melvin Blumberg na Charles Pringle waliueleza kuwa unategemea mambo matatu: uwezo, utayari na fursa. Mtu anajua, anataka, na mazingira yanamruhusu. Walisisitiza kuwa matatu haya huzidishwa, hayajumlishwi. Tofauti hiyo ni kubwa. Ukijumlisha, mwenye uwezo mwingi na fursa sifuri bado ana kitu mkononi. Ukizidisha, anabaki na sifuri.

Mafunzo huongeza uwezo moja kwa moja. Utayari na fursa, kwa kiasi kikubwa, viko mikononi mwa anayeisimamia timu kila siku. Ndiyo maana unaweza kuwa na wafanyakazi wenye vyeti vizuri na kazi isiyosogea. Kweli mafunzo yenyewe hugusa utayari pia, maana anayepelekwa huona amethaminiwa. Lakini nafasi za mafunzo zikienda kwa wale wale kila mara, waliobaki nao husoma ujumbe wao.

Nimeishi jambo hili. Mahali fulani nilipofanya kazi tulifundishwa mfumo mpya wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu, siku mbili, na mkufunzi aliijua kazi yake. Kompyuta zenyewe zilifungwa miezi minne baadaye. Siku ya kuanza nilimuona mwenzangu, mtu makini aliyekuwa wa kwanza kujibu maswali darasani, kidole kimesimama juu ya kibodi, macho kwenye skrini. "Hapa palikuwa na kitufe gani?" Hatukujua. Tukarudi kwenye rejista za mkono, tukisema ni kwa wiki moja tu.

Mjerumani Hermann Ebbinghaus aliyapima mambo ya usahaulifu mwaka 1885, akaona tunachojifunza bila kukirudia kinapotea kwa kasi sana mwanzoni. Sasa hiyo miezi minne nani aliipanga? Si mkufunzi. Ni mpangilio wa kazi, yaani usimamizi. Timothy Baldwin na Kevin Ford waliandika mwaka 1988 kuwa mafunzo kuhamia kazini hutegemea mwanafunzi mwenyewe, jinsi mafunzo yalivyoandaliwa, na mazingira anayorudi. Kwenye hilo la tatu mwajiri haweki fedha, kwa sababu halina ankara.

Marekani ilipohitaji kufundisha wafanyakazi wengi viwandani haraka, kati ya mwaka 1940 na 1945, iliendesha mpango uliolenga wasimamizi. Walifundishwa namna ya kumfundisha mtu kazi kwa hatua nne: muandae, muoneshe, mwache ajaribu mwenyewe, kisha mfuatilie. Msimamo wa mpango huo ulikuwa kwamba kama mfanyakazi hajajifunza, mwalimu hajafundisha. Hapo dhana zetu mbili zinakuwa kitu kimoja, kwa sababu msimamizi wa timu ndiye mkufunzi wa kila siku. Kama fedha ya mafunzo ni kidogo, ningeanza na yeye. Hatua ya nne, kufuatilia, hakuna mkufunzi wa nje anayeweza kuifanya.

Mrejesho nao una ujuzi wake. Avraham Kluger na Angelo DeNisi walipokusanya tafiti nyingi za mrejesho mwaka 1996, waliona kwa wastani unasaidia, lakini katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo ulishusha utendaji. Hatari huongezeka maneno yanapoiacha kazi na kumgeukia mtu. "Jedwali hili halina tarehe" humrudisha mtu kwenye jedwali. "Wewe huwa huna umakini" humrudisha kwenye nafsi yake, na huko hakuna cha kurekebisha kabla ya saa tisa.

Ukitaka kuona timu inavyobadilisha matokeo ya watu ambao tayari wamesoma sana, tazama chumba cha upasuaji. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha fupi ya mambo ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji, ikajaribiwa kwenye hospitali 8 katika miji 8, zikiwemo za London, Manila na Ifakara. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009 yakihusu wagonjwa zaidi ya 7,600. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari hawakurudishwa chuoni. Miongoni mwa mambo ya orodha ile ni kila aliyemo chumbani kujitambulisha kwa jina na kazi yake. Si hilo peke yake lililopunguza vifo, orodha ina mengine kama kuhakikisha dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa kwa wakati. Ila muuguzi aliyekwishatamka jina lake mbele ya wote ana wepesi zaidi wa kusema "ngoja kwanza" akiona kitu hakiko sawa.

Ujasiri huo ndio mtafiti Amy Edmondson aliouchunguza. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1996 alitegemea kuona timu bora za hospitali zikifanya makosa machache ya dawa. Akakuta timu bora ndizo zenye makosa mengi kwenye kumbukumbu. Ilimchukua kazi kugundua kuwa zilikuwa zinayasema, ilhali timu zile nyingine zilikuwa zinayaficha. Timu ambayo mtu anaweza kusema "nimekosea" au "sijaelewa" bila kuaibishwa ndiyo inayojifunza. Kwa lugha ya maendeleo ya rasilimali watu, hapo kila siku ya kazi ni siku ya mafunzo.

Kupima

Hilo linaleta tahadhari: takwimu peke yake inaweza kukudanganya. Timu ikianza kusimamiwa vizuri, makosa yaliyoandikwa yanaweza kupanda kabla ya kushuka, na mkubwa asiyejua hili ataadhibu kitu kilichoanza kupona.

Donald Kirkpatrick, mwaka 1959, alipendekeza mafunzo yapimwe kwa ngazi nne. Waliohudhuria wameyapokeaje? Wamejifunza nini? Wanafanya kazi tofauti na zamani? Taasisi imepata nini? Ya kwanza ni rahisi, ni ile fomu ya siku ya mwisho kabla watu hawajabeba mikoba. Ya tatu inataka mtu aende mezani kwa mfanyakazi baada ya miezi michache, asimame pale, atazame kazi inavyofanyika, na amuulize msimamizi wake amebadilisha nini ili mafunzo yale yatumike.

Kwetu fomu zilijazwa vizuri sana. Mimi mwenyewe niliandika kuwa mafunzo yalikuwa bora, na yalikuwa bora kweli. Baada ya ile miezi minne hakuna aliyekuja kusimama mezani kwetu.