Nusu mkwara: unapotishia huku ukisubiri karata

Mkononi una 7 na 6 za kopa. Mezani zimefunuliwa karata 3: ree ya kopa, 2 ya kopa na 10 ya shupaza. Kwa sasa huna kitu, hata jozi huna. Lakini ikija kopa moja tu una flashi, karata 5 za alama moja. Mpinzani amepita bila kuweka dau. Nawe upite, au umpige mkwara?

Wachezaji wa poka ya Texas Hold'em, ambamo kila mtu ana karata 2 za siri na 5 za wote hufunuliwa mezani, kwanza 3 kisha moja moja, hulijibu swali hili kwa kauli walizorithi mezani, na nyingi haziendani na hesabu.

Dhana: Mkwara ni mkwara tu. Ama una karata, ama unadanganya.

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Mkwara mtupu una njia moja ya kushinda: mwenzako aogope, atupe karata. Mkono unaosubiri una njia mbili. Anaweza kutupa, au akakufuata halafu karata yako ikaja. Mmarekani David Sklansky, mwandishi wa vitabu vya poka, ndiye aliyeipa mbinu hii jina, ambalo kwa Kiswahili tunaweza kuliita nusu mkwara.

Tuone hiyo nusu ina thamani gani. Tuseme karata ya nne imefunuliwa na si kopa. Mezani pana 100, nawe unaweka 100 zako za mwisho. Kama huna lolote unalosubiri, mwenzako lazima atupe karata nusu ya mara zote ndipo usile hasara. Lakini wewe una kopa 9 zilizobaki kati ya karata 46 usizoziona, karibu mara 1 kati ya 5. Akikufuata, mezani panakuwa na 300, na moja ya tano ya hizo ni 60. Umetoa 100, kwa hiyo kufuatwa kunakugharimu 40 kwa wastani, si 100 nzima. Sasa hesabu mara 7: akitupa mara 2 umeokota 200, akikufuata mara 5 umepoteza 200. Ngoma droo. Mkwara mtupu ulihitaji atupe mara 1 kati ya 2, huu unahitaji mara 2 kati ya 7. Akitupa zaidi ya hapo, unakula faida.

Kuna sharti moja ambalo husahaulika. Nimehesabu kama kwamba kila kopa inakupa ushindi. Kwa 7 na 6 sivyo hasa: mwenye kopa mbili kubwa kuliko zako anaisubiri karata hiyohiyo, na ikija mnafurahi wote, ila anayelipa ni wewe.

Dhana: Flashi huja asilimia 35, kwa hiyo usiogope.

Hiyo 35 ni ya kuziona karata zote 2 zilizobaki baada ya zile 3 za kwanza. Ukiona moja tu ni asilimia 19. Ile kanuni ya haraka, zidisha karata zinazokufaa kwa 4 upate asilimia, watu huitumia hata pale ambapo mpinzani ataweka dau jingine na kuwafukuza kabla ya karata ya mwisho. Kama una uhakika wa karata moja tu, zidisha kwa 2. Asilimia 35 ni yako kweli pale tu unapoingiza kila ulichonacho mapema, maana baada ya hapo hakuna wa kukuondoa.

Dhana: Unachosubiri kikiwa kizuri zaidi, ndivyo uzidi kutishia.

Inavutia masikioni, lakini ukweli wake ni nusu. Chukua 9 na 8 za kopa, mezani pakiwa na 7 ya kopa, 2 ya kopa na 6 ya shupaza. Hapo karata 15 zinakufaa: kopa 9, pamoja na 10 na 5 zisizo za kopa zinazokamilisha mfuatano, yaani karata 5 zinazofuatana kwa namba. Kufikia mwisho mkono huo hukamilika mara 54 kati ya 100. Huo ongeza dau bila wasiwasi, hata kwa mtu asiyejua kutupa karata.

Kasheshe iko kwenye mikono ya kati. Unaweka dau, mwenzako anaongeza kubwa, nawe unalazimika kutupa mkono uliokuwa na nafasi nzuri ya kukamilika. Umelipa ili ufukuzwe! Ukiwa wa mwisho kuamua, mara nyingine bora upite uone karata ya bure. Kinyume chake, mfuatano unaokosa karata ya katikati, wenye karata 4 tu za kuuokoa, unafaa kutishia kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu ukijibiwa kwa ukali unautupa na hakuna kikubwa ulichopoteza.

Dhana: Wachezaji wengi, fedha nyingi, basi mkwara unalipa.

Kama kila mmoja hutupa karata mara 60 kati ya 100 bila kumtazama mwenzake, wawili kutupa wote ni mara 36, watatu ni kama 22. Subiri karata yako kimya.

Dhana: Flashi ikikosa kuja, maliza ulichoanza.

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulikubali. Mkono uliokosa unauma, na uchungu huo ndio unaosukuma dau la mwisho. Lakini jiulize: ni nani hasa atakayetupa karata? Mara nyingi ni yule naye aliyekuwa anasubiri kopa akakosa. Na kopa mbili kati ya hizo unazo wewe! Rudi kwenye 7 na 6 zetu, mezani pakiwa na kopa 2 mpaka mwisho. Usingekuwa na kopa yoyote mkononi, mpinzani angeweza kuwa na kopa mbili mkononi kwa namna 55. Kwa kuwa unazo mbili, zimebaki namna 36. Umewapunguza walewale ambao wangekukimbia, na wenye ree wamebaki palepale, tayari kukufuata. Kama ni kutishia, tishia kwa mkono mbovu usio na kopa. Kwa 7 na 6 hizi, pita.