Kujichukulia sheria mkononi: nani kakupa?

Maneno haya sasa yanabandikwa popote. Kibaka akiuawa kwa mawe, wananchi "wamejichukulia sheria mkononi", hapo sawa. Madereva wa bodaboda wakimdhibiti aliyepora pochi na kumweka chini hadi polisi wafike, nao eti wamejichukulia. Kisha kuna yule wa kijiweni, na kila kijiwe cha Arusha kina wake, anayesema mafisadi nao wavalishwe tairi na kuchomwa kama vibaka, ili haki iwe sawa kwa wote. Mambo matatu yasiyofanana, jina moja.

Maana yenyewe ni fupi. Ni mtu au kundi kutoa adhabu, au kutekeleza amri, ambayo sheria haikuwapa mamlaka nayo. Basi. Kinachosumbua ni kwamba watu wanasikia "mkononi" na kuliruka "jichukulia", wakati uzito wote uko huko. Mtu huchukua. Akijichukulia, ina maana hakuna aliyempa. Shughulini, mama wa jikoni akikupakulia pilau, umepewa, hata kama sahani imejaa hadi inamwagika. Ukiingia jikoni mwenyewe na bakuli lako, umejichukulia, hata ukichota kijiko kimoja. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama nguvu imetumika, wala kama walikuwa wengi. Swali ni nani kawapa.

Na mwananchi amepewa kitu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake makosa ambayo sheria hiyo imeyataja, kisha amkabidhi polisi bila kuchelewa pasipo sababu. Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijijini na mitaani, nao walipewa. Walianzia Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, na mwaka 1989 Bunge likawatambua kisheria. Mlinzi wao wa zamu anayekusimamisha mtaa wa Sakina saa nane usiku na kukuuliza unatoka wapi hajajichukulia chochote, hata kama anakukera. Akianza kukucharaza fimbo kwa sababu majibu yako hayajamridhisha, hapo ndipo ameingia jikoni na bakuli.

Mpaka uko hapo: kukamata tumepewa, kuadhibu hatukupewa. Katiba, ibara ya 13(6)(b), inasema aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai asitendewe kama mwenye hatia mpaka ithibitike kuwa analo kosa. Na hata ikithibitika, Kanuni ya Adhabu haina kifungu kinachotoa kifo kwa wizi wa simu.

Simama soko la Kilombero, hapa Arusha, siku mtu akipiga ukelele wa "mwizi!" Uangalie wanaofika wa kwanza. Aliyeibiwa mara nyingi bado anapapasa mifuko, hajui hata kilichokwenda. Wanaopiga ni waliokuwa wakishusha magunia ya viazi, na mpita njia aliyeweka mfuko wake wa nyanya chini, akatia teke moja la nguvu, ndipo akamgeukia jirani na kuuliza: "Kwani kaiba nini?" Teke limetangulia, shtaka linafuata. Magazeti yakija yataandika "wananchi wenye hasira kali". Nani aliipima hiyo hasira? Yule wa nyanya hakuwa na hasira, alikuwa na nafasi. Na akidhani kwamba wingi unamficha, sheria inawahesabu washiriki wote walioungana katika kosa moja: aliyeshika miguu, aliyeleta petroli, aliyewasha kiberiti. Kosa lao linaitwa mauaji.

Sasa turudi kwa hoja ya tairi kwa mafisadi. Ninaielewa inatoka wapi, na ina ukweli ndani yake. Mwaka wa fedha 2005/06, shilingi bilioni 133 zilitoka kwenye akaunti ya EPA, ya madeni ya nje, ya Benki Kuu kwenda kwa kampuni 22. Jambo lilipofumuka, Rais Kikwete alimwondoa Gavana Januari 2008, na waliochota wakapewa hadi 31 Oktoba mwaka huo wawe wamerudisha. Septemba 2019 Rais Magufuli naye akawapa watuhumiwa wa uhujumu uchumi siku saba za kukiri na kurejesha, akaziongezea. Zaidi ya 400 waliandika kwa Mkurugenzi wa Mashtaka, na walichokubali kurejesha kilizidi shilingi bilioni 100. Kijana aliyekwapua simu ya laki mbili Mnara wa Saa hajawahi kutangaziwa siku saba. Hata dakika saba hapewi.

Hilo ni lalamiko halali, ila jina lake si sheria mkononi. Kukiri na kurejesha kuna utaratibu wake kisheria. Unaweza kuuona umewapendelea wenye cha kurudisha (mimi nauona hivyo), lakini unalilalamikia jambo jingine: uwiano wa adhabu. Na uwiano hauji kwa kumchoma fisadi ili alingane na kibaka. Unakuja kwa kupima: kilichochukuliwa ni kiasi gani, kimeumiza wangapi, na aliyechukua alikuwa amekabidhiwa au alipita tu. Aliyekwapua simu anaweza kabisa kupimwa hivyo. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaruhusu mahakama kumpa kazi za kijamii mtu ambaye kifungo chake kisingezidi miaka 3. Akafyeke nyasi za zahanati, arudi kwao ana miguu yote miwili.

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko hapahapa Arusha. Tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri dhidi ya Tanzania, ilisema adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji inakiuka haki ya kuishi, kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya kosa na ya mkosaji. Yaani hata jaji mwenye joho, aliyesikiliza mashahidi kwa miezi, asifungwe mikono asipime. Sisi wa Kilombero tunapima kwa teke.

Halafu kuna mahali ambapo maneno haya yangefaa na hakuna anayeyatumia. Kikoba, kile kikundi cha kuweka na kukopa. Sanduku lina makufuli matatu na washika funguo watatu, ila wawili walimwachia mweka hazina funguo zao kwa sababu ni mtu wa kwaya na ana haraka ya kwenda benki. Desemba sanduku linafunguliwa, hakuna kitu. Hamwiti mwizi; mnasema "kala hela za watu". Hapigwi. Kikao kimoja, cha pili, halafu asubuhi moja wanachama wanakodi guta, wanafika kwake Kijenge, wanabeba televisheni, friji na godoro la watoto, na majirani wanasema afadhali. Uchungu wao naujua, na hela ni zao. Ila friji hiyo hakuna aliyewapa: si mahakama, si mwenyekiti wa mtaa, wala karatasi yoyote ya dhamana ambayo mama yule alisaini. Hivyo dada zangu, kwa upole kabisa: lile guta lilipoondoka na godoro, mlikuwa mmejichukulia sheria mkononi, na mweka hazina sasa ana kesi ya kuwafungulia ninyi.