Seva Kuzeeka Si Sababu ya Kuhamia Kwenye Wingu

Kauli ni ile ile: "Seva imechoka, tuhamie kwenye wingu, ni nafuu." Nafuu kuliko nini? Seva inayowaka saa 730 kwa mwezi hapo ofisini, ukiihamisha jinsi ilivyo kwenye wingu, yaani kompyuta za kukodi kupitia intaneti, itawaka saa zile zile 730, ila sasa kila saa ina bei. Wingu huokoa pesa pale mzigo unapopanda na kushuka: programu ya mishahara inayohema siku 3 za mwisho wa mwezi, au mashine ya majaribio inayoweza kuzimwa usiku. Pima kichakataji, kumbukumbu na diski kwa wiki 4, mwisho wa mwezi ukiwamo. Ukikuta kichakataji hakivuki asilimia 15 hata siku za pilikapilika, basi ukihama usikodi mashine ya ukubwa ule ule.

Haya, hilo ni dogo. Kinachonikera ni kuhama nusu nusu: hifadhidata inapelekwa kwenye wingu, programu inabaki kwenye kompyuta za ofisini, eti "tutamalizia baadaye". Programu nyingi za zamani za uhasibu na stoo ziliandikwa kwa kudhani hifadhidata iko chumba cha pili. Huuliza swali moja moja: orodha ya ankara, kisha mteja wa kila ankara, kisha salio la kila mteja. Skrini moja yaweza kubeba maswali 400. Ndani ya ofisi, swali likienda na kurudi kwa nusu milisekunde, yote yanakwisha kwa sekunde 0.2. Pitisha intaneti yenye milisekunde 60: 400 mara 60 ni sekunde 24. Watu wanalaumu laini, wanalipia kasi zaidi, na skrini inabaki pale pale. Bila shaka! Barabara imepanuliwa, safari haijafupishwa.

Kipimo chake ni cha dakika kumi. Washa rekodi ya maswali (logi) kwenye hifadhidata, fungua skrini inayotumika zaidi, hesabu maswali, zidisha kwa muda wa pingi, yaani ujumbe mdogo kwenda na kurudi, hadi kituo cha mtoa huduma wa wingu. Jibu likizidi sekunde 2, hifadhidata isiondoke peke yake. Programu iende nayo, watumiaji waifikie kwa kivinjari au kwa skrini ya mbali, yaani programu inaendeshwa kule na picha yake tu inakuja kwako. La sivyo, nunua seva nyingine, na usione haya.

Mengine kwa haraka. Data ya terabaiti 2 kwenye laini inayopandisha megabiti 20 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9, tena laini isitumike kwa kingine. Kuingiza data mara nyingi ni bure. Kuitoa ndiko hulipiwa, kwa hiyo uliza bei ya mlango wa kutokea kwanza. Leseni zinazohesabiwa kwa kori (viini vya kichakataji), soma mkataba upya. Nakala rudufu bado ni kazi yako, na ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu.

Makadirio ya bili bado hunipiga chenga, hasa usafirishaji wa data na diski zilizosahaulika. Ndiyo maana naweka tahadhari ya matumizi siku ya kwanza, na seva ya zamani siigusi mpaka mahesabu ya miezi 2 yafungwe. Nyingi ya tahadhari hizo hutuma barua pepe tu. Hazizimi kitu.