Mji wa Moshi kujaa si mwisho wa mipango
Wengi husema Manispaa ya Moshi imejaa, viwanja vimekwisha, basi na kupanga huduma kumekwisha. Si kweli. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 184,292; ya 2022, watu 221,733. Nyumba ya familia moja ikigeuzwa ghorofa la wapangaji, bomba la maji mtaani hubaki lilelile. Kinachopangwa hapo ni uwezo wa huduma, si ardhi.

Wapanga miji, anzieni chini ya ardhi. Kabla ya kumwaga lami, lazeni mabomba matupu ya akiba yanayokatiza barabara, ya kupitishia maji au nyaya baadaye. Bila hayo lami mpya itachimbwa, na udongo usiposhindiliwa kwa tabaka za sentimita 15 hivi, kiraka kinadidimia masika yakianza.

Hesabuni pia wanaoshuka asubuhi kutoka Kibosho na Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro: hawalali mjini, lakini soko, stendi na vyoo wanavitumia.